Bolti ya Nne

Mfuko wa nepi wa mtoto wangu unanuka dizeli, na mimi nimekasirika. Nimeufua kwa sabuni ya mche, nikausugua kwa brashi ya viatu, nikauanika juani hapa Oli, Arua mjini, kwenye kamba ya jirani kwa sababu yangu ilikuwa imejaa. Nikafikiri basi, imekwisha. Jana nilifungua zipu kutafuta kitambaa cha kumfuta mtoto mdomo, na harufu ikanirukia usoni kama mtu aliyekuwa amejificha humo akinisubiri. Mtoto akakunja uso. Mimi nikakaa chini sakafuni, kitambaa mkononi, na nikawa tena msichana mdogo kwenye mlango wa jiko letu kule Ludara, namwangalia mtoto wa watu akila na baba yangu.

Ninyi wenzangu mliolelewa na baba mmoja na habari za mama zaidi ya mmoja, hamhitaji maelezo. Wengine mnivumilie kidogo.

Baba yangu alikuwa na trekta. Msifikirie yale makubwa ya mashamba ya miwa. Yake ilikuwa ndogo, ya dizeli, rangi nyekundu iliyopauka hadi ikafanana na nyanya iliyookotwa chini. Baba alikuwa mrefu, na alipoikalia magoti yake yalikaribia kugusa usukani. Watu walisema amepanda mbuzi. Lakini mvua ikikaribia, hao hao waliokuwa wakicheka walifika kwetu alfajiri, kofia mkononi, wanamwamkia hata paka wetu. Trekta hiyo ndiyo iliyonivalisha sare na kunipeleka sekondari hadi hapo nilipoishia. Najua. Hakuna haja ya mtu kunikumbusha.

Shida yake ilikuwa mafuta. Dizeli ya kwetu wakati ule ilikuja kwa jerikeni, nyuma ya bodaboda, imepita kwenye mikono ya watu wengi, na kila mkono uliongeza maji kidogo au uchafu kidogo. Filta iliyokuja na trekta ilikuwa kidude tu, kama kikombe cha chai cha mtoto, na ilijaa upesi. Basi trekta ikawa inakohoa katikati ya shamba la mtu, inatoa moshi mweupe, inazima. Baba anashuka, mwenye shamba amesimama mikono kiunoni, majirani wamesimama kumwangalia mwenye shamba. Wakaanza kusema trekta ya Baba Candiru ina pumu. Candiru ni mimi. Hata pumu ya trekta ilikuwa na jina langu, na mimi nilijivunia.

Nyumbani tuliongea Kiswahili, kile cha kwetu, cha iko-iko, ambacho walimu wa sekondari walinipigia kelele hadi nikajifunza kuandika hiki ninachoandika sasa. Mama ni Mlugbara wa Pajulu. Baba alikuwa Mkakwa wa Ludara. Kila mmoja alikataa kutukanwa kwa lugha ya mwenzake, wakakutana katikati.

Halafu Poni akaja.

Alikuja wakati watu wengi walipokuwa wakivuka mpaka kukimbia vita, magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi mmoja kwa kamba. Aliletwa na majirani wa mama yake. Alikuwa amevaa gauni la mtu mzima, limekunjwa na kufungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini kama mtu aliyevaa soksi. Majirani waliongea na baba pembeni kwa muda mrefu, wakanywa maji, wakaondoka. Yeye akabaki.

Nilijua kwamba kabla ya kumuoa mama, baba aliwahi kuendesha lori upande ule. Sikujua kwamba aliacha mtoto huko. Mama alijua. Aliendelea kupepeta muhogo wake kama vile mtu amemletea kuni.

"Huyu ni dada yako," baba aliniambia.

"Mukubwa ao mudogo?" Ndilo swali pekee nililokuwa nalo.

Baba alijikuna shingo. "Mukubwa. Kidogo tu."

Kidogo tu. Asubuhi ile niliamka nikiwa mtoto wa kwanza wa baba yangu, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa wa pili. Kwa miezi mingi baada ya hapo nilikuwa nasikiliza watu barabarani wakimsalimia: bado wanasema Baba Candiru, ama wameanza kusema Baba Poni? Ninaona mama alikuwa anasikiliza pia, kwa sababu alianza kumwita Baba Candiru kwa sauti kubwa hata akiwa amekaa karibu naye.

Mama hakumtesa. Andikeni hilo mahali, kwa sababu najua hadithi za mama wa kambo mnazozijua. Mama alimtandikia mkeka mpya. Alimpikia ugali wa muhogo laini, na majani ya kunde yaliyopondwa na simsim, na siku ya kwanza akachinja kuku niliyekuwa nimemtunza mimi. Poni alimega kipande kidogo kama cha kumpa kifaranga, akakizungusha mdomoni, akasema, "Nimeshiba. Asante." Siku iliyofuata hivyo hivyo. Na nyingine.

Mchana alikuwa anatafuta kitu cha kushika. Akishika ufagio, mama anamnyang'anya. Akibeba jerikeni kwenda kwenye bomba, mama anamfuata hadi njiani.

"Wewe ni mugeni. Mugeni hapana teka maji. Watu watasema nini juu yangu? Weka chini. Pumzika."

Poni anaweka chini. Anakwenda kukaa kwenye ukuta wa nyumba, mikono katikati ya magoti, na mikono ile ilikuwa myembamba hadi unaweza kuona jinsi kidole kilivyounganishwa na kiganja. Chakula kikija, ameshiba. Mimi nilimwona ana maringo. Nilifikiri chakula chetu hakimtoshi kwa ubora. Nilifikiri ameacha nyumba ya vigae huko, na kwamba baba alikuwa akiipeleka pesa yetu huko kununua hivyo vigae.

Wakati huo trekta ikazima kwenye shamba la mzee mmoja mwenye mdomo, na ilibidi ivutwe na ng'ombe wa mzee huyo huyo. Ng'ombe wanavuta trekta. Ludara nzima ilikuja kuona. Jioni ile nilimwona baba amechuchumaa karibu na Poni kwenye ukuta, anamuuliza kitu kwa sauti ya chini, naye anajibu akiangalia vidole vya miguu yake. Sikusikia. Nilitaka kwenda kusikia, mama akaniita nikachochee moto.

Kesho yake baba alikwenda Arua mjini. Alirudi na boksi.

Ndani ya boksi kulikuwa na filta kubwa, nene kama mkono wangu wa juu, ina rangi nyeupe inayong'aa, na chini yake kuna kikombe cha plastiki ngumu kinachoonyesha ndani kama glasi, na kwenye mkia wa kikombe kuna kifungo kidogo cha kumwaga maji. Juu ilikuwa na pampu ndogo ya kubonyeza kwa dole gumba. Baba aliigeuza geuza mikononi jinsi watu wanavyogeuza mtoto mchanga wakitafuta amefanana na nani. Alikuwa pia amekatiwa bamba la chuma na fundi wa kuchomelea, kwa sababu filta hiyo haikuingia kwenye nafasi ya ile ya zamani. Ilibidi ikae ndani zaidi, nyuma ya bati la ubavuni, karibu na injini.

Akafanya kazi asubuhi nzima. Alifunga koki ya mafuta, akatoa ile ndogo, akaipigapiga kwenye jiwe na ikatema matope meusi. Kisha akajaribu kuingiza mkono wake nyuma ya bati kushika nati, na mkono ukakwama kwenye kifundo. Akautoa. Akauangalia. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama hapo, maana trekta iliyofunguliwa ni sinema.

"Nani iko na mukono ndogo hapa?" baba akauliza.

Sijawahi kukimbia hivyo. Niliruka bakuli la mama la simsim. Nilimnyooshea mkono wangu, vidole nimevibana pamoja viwe vyembamba, nikashika pumzi kabisa, kana kwamba pumzi inakaa kwenye mkono. Baba aliushika, akaugeuza, akatabasamu.

"Hii mukono ni ya kupiga mutu," akasema. "Hii haiingii."

Wale waliosimama wakacheka. Mmoja akasema mume wangu atajuta. Baba akawa ameshauachia mkono wangu, anaangalia juu ya kichwa changu, kuelekea ukutani.

"Poni. Kuja. Mimi nina shida. Hakuna mutu mwingine anaweza hii kazi."

Hakuna mtu mwingine. Alisema hivyo mbele ya watu, mbele yangu, mkono wangu bado umenyooka hewani.

Poni alisimama taratibu. Alikuja, akakunja mkono wa lile gauni, akaingiza mkono wake nyuma ya bati, na mkono ukapita hadi kwenye kiwiko kama nyoka anayeingia shimoni kwake. Alikwaruzwa na kitu, nikaona uso wake ukikaza. "Nimeshika," akasema. Baba akazungusha bolti upande wa nje. Kisha akachovya kidole kwenye dizeli, akapaka ule mpira wa duara juu ya filta, akampa aipandishe.

"Kaza na mukono tu. Spana hapana. Spana itakata mupira."

Akakaza. Baba akafungua koki, akamwonyesha pampu, naye akabonyeza, akabonyeza, mapovu yakipanda ndani ya glasi hadi yakaisha na dizeli ikasimama safi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Trekta ikawaka mara moja. Haikukohoa. Wale watu wakapiga makofi, na mzee mwenye ng'ombe, ambaye alikuwa amekuja kuona itashindwa, akaenda zake bila kuaga.

Sasa ninyi mnajua desturi. Mtu akikufanyia kazi, shambani au popote, unampikia, na anakula hapo hapo kwenye kazi, mikono bado michafu, na huyo hasemi ameshiba, maana kusema hivyo ni kama kukataa kwamba amefanya kazi. Baba aligeuka kuelekea jikoni.

"Mama Candiru. Leta chakula. Hapa iko watu wamefanya kazi."

Mama akaleta. Baba akaweka sahani juu ya madigadi, kile kifuniko kipana cha gurudumu la nyuma, akamega, akamsogezea Poni. Na Poni akala. Alikula kama mtu anayekimbizwa. Alikula na dizeli vidoleni na damu kidogo kwenye kifundo cha mkono, akalamba mchuzi uliomwagika kwenye madigadi. Baba alikula polepole kabisa, tonge moja kwa matonge yake matatu, ili sahani isimwishie. Mama alisimama pale na kifuniko cha sufuria mkononi. Nilimwona anajifuta macho na pembe ya kitenge chake. Nikasema moyoni, vizuri, na mama ana wivu pia, tuko wawili.

Kuanzia siku hiyo ikawa kazi ya Poni. Kila asubuhi kabla trekta haijawashwa, anaingiza mkono, anafungua kile kifungo, anamwaga maji yaliyokaa chini ya glasi kwenye kopo, anafunga, anabonyeza pampu. Kisha wanakula kwenye madigadi, yeye na baba. Mimi nakula jikoni na mama. Wala sikufukuzwa. Hakuna aliyeniambia usije. Lakini mtu huwezi kwenda kula chakula cha kazi ambayo hukufanya.

Asubuhi moja nilisogea hadi karibu. Baba alikuwa ameinua lile kopo kwenye mwanga, anamfundisha.

"Unaona? Kwa jerikeni zote inafanana. Hakuna mutu anajua. Lakini kwa glasi, maji inakaa chini, dizeli inabaki juu. Ile ya chini tunamwaga."

Nikasimama pale kama mti. Zote zinafanana, hakuna mtu anajua. Nilisikia habari yetu, mimi na Poni. Nilisikia kwamba baba alikuwa na watoto wawili waliofanana, na sasa amepata chombo cha kuwatenganisha, na mmoja amekaa chini, na wa chini anamwagwa. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia hadi nikapata kwikwi. Jioni baba alinionyesha kitambaa cha kuchujia dizeli wakati wa kuimimina, akasema nije niwe nakishika mimi. Nikakataa. Kushika kitambaa hata jiwe linaweza.

Nilimuuliza mama kwa nini mkono wa Poni ni mdogo na yeye ndiye mkubwa.

Mama alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. "Njaa," akasema. "Njaa ya njiani na njaa ya huko. Wewe hapana jua hiyo kitu."

Sikuijua, lakini niliona ni kitu kinachopatikana. Siku hiyo hiyo nikaacha kula. Nilimega tonge, nikalizungusha mdomoni, nikasema nimeshiba, asante, nikimwigiza Poni hadi sauti. Usiku nilifunga mkono kwa vitambaa, nimeubana hadi vidole vikafa ganzi. Asubuhi niliupima kwenye shingo ya jagi la plastiki. Haukuingia. Nikaendelea. Mama kwanza alinigombeza, halafu akanitisha, halafu akaanza kuapa kwamba kuna mtu ameiroga nyumba yake.

"Mumoja ameacha kukataa, mwingine ameanza," alimwambia baba. "Ninyi munataka watu waseme mimi sijui kupika?"

Baba alinijia jikoni. Alichuchumaa mbele yangu kama alivyochuchumaa mbele ya Poni, nikafikiri sasa, sasa ataniambia kitu. Aliniangalia. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Kula, Candiru," akainuka. Ndiyo yote. Mimi mwenyewe sasa nina mtoto, baba yake yuko Kampala au anasema yuko Kampala, na hata huyu asiyejua kuongea namwambia sababu ya kila kitu. Nakuvua kwa sababu umelowa. Nakuweka chini kwa sababu mgongo unaniuma. Sitaki abaki na uso wa mtu aliyefungua mdomo akaufunga.

Aliyenilisha alikuwa Poni. Alikuja na ile sahani kutoka kwenye madigadi, nusu ya chakula bado iko, akakaa karibu nami nyuma ya ghala. Alimega tonge akaliweka mdomoni mwangu kwa nguvu kama mtu anayeziba tundu.

"Kula. Mukono haipungue. Mimi nimekaa na njaa wewe hujaona, na mufupa ilibaki hii hii. Unapoteza chakula ya mama yako bure."

Tonge lilikuwa na ladha ya dizeli. Nilitaka kulitema, lakini nilikuwa na njaa ya siku kadhaa, na nililimeza, na jingine, na jingine, na nilimchukia huku namfungulia mdomo. Ndiyo ladha hiyo. Ndiyo iliyomo kwenye mfuko wa nepi.

Tukakua. Sitasema tulipendana, sitasema hatukupendana. Mimi nilipewa kalamu, yeye akapewa usukani. Watu wanasema mimi ndiye niliyependelewa, nilisomeshwa. Wao hawakumwona baba amekaa kwenye madigadi akimfundisha kusikiliza injini, vichwa vyao viwili vimeinama upande mmoja. Mama yake hatukupata habari zake tena. Mama yangu akamfanya wake, hadi leo yeye anamwita mwanangu, mimi ananiita kwa jina. Baba aliugua mvua zilizopita, akaondoka upesi, na mpaka kaburini watu walimtaja kama Baba Candiru. Nilishinda hilo. Nilikuwa nimelitaka tangu utotoni, na nilipolisikia pale kwenye udongo mbichi halikuwa na ladha yoyote. Trekta ikabaki kwa Poni, na hakuna aliyeuliza kama ni haki, hata mimi sikuuliza kwa mdomo.

Wiki iliyopita alikuja kunilimia kipande changu kule Pajulu, walichonigawia wajomba zangu. Alinitumia ujumbe nipitie dukani mjini nimchukulie filta mpya, ile ile nyeupe. Niliitia kwenye mfuko wa nepi, nikampakata mtoto, nikaenda. Nilimkuta amekwishazima trekta chini ya kivuli, Poni mnene siku hizi, mikono yake minene, ana kovu lile lile kwenye kifundo. Kovu hilo nililionea wivu kuliko hereni zake.

"Sasa nani ataingiza mukono?" nikamuuliza. Nilitaka kumchokoza. "Wewe umenenepa. Mimi haikuingia tangu zamani. Tungoje mtoto wangu akue?"

Poni alitoa spana mfukoni, akakwangua tope lililokauka kwenye kona ya bati la ubavuni, na chini ya tope kulikuwa na kichwa cha bolti. Akakwangua kona nyingine. Bolti nne. Akazifungua moja baada ya nyingine, akaliinua bati lote, akaliegemeza kwenye gurudumu. Filta ilikuwa pale nje, wazi, ng'ombe angeweza kuilamba.

Nilisimama na mtoto wangu mikononi.

"Hii inafunguka tangu lini?"

"Tangu kiwandani, dada."

"Baba alijua?"

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Ni yeye alinionyesha. Mukono yangu ilipoanza kukataa kuingia. Nilikuwa nalia, nafikiri kazi imekwisha. Akatoa spana, akafungua. Tukaangaliana. Halafu akaniambia, bado iko kazi yako. Hapana ambia mutu."

"Kwa hiyo siku ile..."

"Siku ile alikuwa anajua."

Akakaa kwenye tairi la mbele, na akaniambia kitu ambacho miaka yote hiyo tulilala mkeka mmoja hakukisema. Kwamba mama yake, alipokuwa akimfunga ile kamba ya katani kiunoni, alimwambia: kule unakwenda iko mwanamke mwenye nyumba. Hapana kula chakula yake bure. Fanya kazi kwanza. Ukikula bure, atakuchoka, na mimi siko hapo. Ndilo neno la mwisho alilopewa. Basi akafika, na mwanamke mwenye nyumba alikuwa mwema sana hata akamnyima ufagio.

"Mama alinifanya mugeni," Poni akasema. "Nilikuwa nakufa na njaa na heshima. Baba aliniuliza pale kwa ukuta, nikamwambia. Kesho akaenda Arua."

Mtoto wangu alianza kunung'unika. Nilimbadilisha bega.

"Na mimi?" nikasema. "Mimi niliacha kula. Alikuja akaniangalia. Angeniambia."

"Angekuambia, ungeniambia mimi."

"Hapana."

"Candiru."

"Ningekuambia kabla ya chai," nikasema.

"Ndiyo. Na mimi ningeacha kula tena."

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwamba baba alinipima sawasawa. Alijua mtoto wake mwenye mkono wa kupiga watu hana mdomo wa kufunga. Akapiga hesabu yake pale jikoni, amechuchumaa, na akaamua nani kati yetu atabaki na njaa kidogo zaidi. Nilikuwa na mama, nilikuwa na jina lake barabarani, nilikuwa na kuku. Ningepona. Na nilipona, sivyo? Hata sasa sijui nimshitaki kwa nani.

Poni alinipa filta mpya. Nilichovya kidole kwenye dizeli, nikapaka ule mpira wa duara, nikaipandisha, nikaikaza na mkono. Iliingia kirahisi tu. Mkono wangu ulifaa. Mkono wa mtu yeyote ulifaa, tangu siku ya kwanza. Alibonyeza pampu, mapovu yakaisha, akalima kipande chote bila kukohoa, naye mtoto amelala kwenye kanga kivulini. Nilipika, maana shamba ni langu na kazi ameifanya yeye. Tulikula kwenye madigadi. Ni pana kuliko nilivyofikiri, watu watatu wangekaa.

Nilidhani nikijua ukweli wivu utaisha. Haukuisha, umehama tu. Zamani nilionea wivu mkono wake. Sasa naonea wivu ule uongo, jinsi ulivyokatwa kwa kipimo chake, na bamba la chuma la kuchomelea, na boksi kutoka mjini, na tope la kuficha bolti, na mtu mrefu amejifanya mkono wake umekwama mbele ya watu ili msichana mmoja aweze kula. Mimi baba alinipa ada, sare, jina lake. Vyote vya kweli. Uongo wa namna ile hajawahi kunipa.

Wakati wa kufunga bati, Poni alikuwa ananawa, nikazikaza bolti mimi. Nilikaza tatu. Ya nne nikaiweka kwenye mfuko mdogo wa pembeni, kwenye mfuko wa nepi, pale panapokaa mafuta ya mtoto. Kila nikiufua ninaitoa, na ukikauka ninairudisha.

Leo asubuhi ametuma ujumbe. *Dada, bolti moja ya ubavuni imepotea huko kwako, bati inapiga kelele njia yote. Tafuta.*

Sijamjibu bado. Namnyonyesha huyu kwanza, niloweke muhogo, niende kuulizia kunde sokoni. Halafu nitamwambia aje aitafute mwenyewe. Atakuta nimepika.